Nyumba ya Hatua Nane: Ndoo ya Kununia

Sehemu ya Sita

Mliokuwepo wiki iliyopita mnajua niliwaacha wapi: mimi nimesimama juu ya kitanda na nyundo mkononi, mke wangu amebanwa pembeni, na nje mtu anapiga hodi tuliyokuwa tunaitarajia kesho.

Mgeni wa leo, sogea nikupe kwa kifupi. Nafasi ni ndogo lakini tumezoea. Mimi ni seremala. Nilikuwa kwenye kiwanda cha milango mpaka siku nilipopitisha milango mia mbili yenye vitasa upande wa bawaba. Wakanipa barua ya kuniaga, wakaniambia niondoke na milango yangu. Nikaichukua, nikajenga nayo nyumba ya hatua nane kwa nne. Kuta zote ni milango, na unaofunguka ni mmoja. Nikamwambia mke wangu, "Tutakaa miezi mitatu tu, najipanga."

Huu ni mwaka wa sita. Bado najipanga.

Na nyie wenye akili ya umbea, ninaposema nina nyumba ndogo, nina maana ya nyumba. Mke ni mmoja, na huyo mmoja nikitaka kumpita lazima nimwombe avute pumzi.

Haya, tuendelee. Hodi.

"Hodi humu ndani!"

Sauti ile haikuhitaji utambulisho. Ilikuwa sauti iliyozoea kuzidi vilio. Mama mkwe wangu alikuwa mkunga miaka thelathini na minne, amestaafu mwezi uliopita, na hakuwahi kufika kwetu hata siku moja. Mwanzoni kilichomzuia ni zamu, baadaye magoti.

"Karibu, Mama!" nikaitikia.

"Nakaribia vipi na mlango umefungwa?"

"Unafunguka, Mama. Subiri kidogo."

"Mmelala mpaka saa hizi?"

"Tumeamka, Mama. Kitanda ndicho hakijaamka."

Nieleze. Kitanda chetu kimeshikwa ukutani kwa bawaba. Mchana kinapandishwa, kinafungwa kwa komeo, kinageuka ukuta. Usiku kinashushwa, na miguu yake inasimama nyuma ya mlango kabisa. Mlango wenyewe unafungukia ndani. Kwa hiyo kitanda kikiwa chini, hata rais wa dunia haingii.

Mke wangu aliliona hilo siku ya kwanza. "Fundi, na moto ukiwaka?"

"Tutatokea dirishani."

Dirisha nilikuwa nimelipunguza inchi mbili kwa ajili ya wezi. Mwizi hajawahi kuja. Ningekuwa mwizi na mimi nisingekuja. Ukishaingia unasimama wapi?

Asubuhi hiyo bawaba zilikuwa zimegoma. Watu wawili wakilala ndani ya hatua nane, pumzi zao hazina pa kwenda. Alfajiri kuta zinatoka jasho kama zimekimbizwa, matone yanadondoka usoni, na chuma kinaota kutu huku unakiangalia. Nilipiga nyundo, nikaomba, nikatukana kimoyomoyo. Kitanda kimya.

Mke wangu alikuwa amesimama sebuleni. Sebule yetu ni ile sehemu kati ya jiko na cherehani yake, inatosha nyayo mbili zikipendana. Akigeuka kushoto yuko jikoni. Akigeuka kulia yuko kazini, kwa maana yeye ni fundi wa nguo. Akiinua mkono yuko stoo.

"Nati za bawaba ziko nje," nikamwambia. "Bolti zimepenya ukuta. Nikitoka nikalegeza mbili, kitanda kinaachia, mlango unafunguka."

"Basi toka."

"Nipitie wapi?"

Akaliangalia dirisha. Akaliangalia tumbo langu. Akarudi dirishani.

"Siku ulipolipima," akasema, "hilo lilikuwepo?"

*

Nilitanguliza mikono miwili. Kosa. Nikatanguliza kichwa peke yake. Kosa jingine. Mama mkwe alikuwa amezunguka upande wa dirisha, amelitua sanduku lake chini, ananitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi akishika sindano kichwa chini.

"Simama hapohapo," akasema. "Umekaa vibaya. Mkono mmoja mbele, mwingine ubane ubavuni. Kidevu kifuani. Geuka kidogo. Kidogo, nimesema! Ehee."

Akakunja mikono ya gauni. Heshima ya ukwe ikabaki ndani na kandambili yangu moja.

"Kichwa kimetoka," akamtangazia binti yake. "Tunangoja mabega."

"Mama, nimenasa!"

"Wote husema hivyo. Usisukume mpaka nikuambie."

"Mimi nifanye nini?" mke wangu akauliza kutoka ndani.

"Shika miguu. Nikisema sasa, unasukuma kama humjui."

"Mama, taratibu, kuna msumari..."

"Sasa!"

Nilitoka kwa kishindo. Nilimpita mama mkwe, nikaangukia ndoo, ndoo ikabingirika na mimi nikaifuata.

Alinichunguza kutoka kisogoni hadi unyayoni, akajipangusa mikono kwenye gauni. "Nimezalisha watoto wa watu mpaka hesabu ikanipotea," akasema. "Huyu ndiye wa kwanza kuzaliwa na masharubu."

Ndani, mke wangu alicheka mpaka sufuria zikagongana. Ndani ya hatua nane, mtu akicheka, vyombo vinashiriki.

Ile ndoo niliyoiangukia msiipuuze. Inaitwa ndoo ya kununia. Kwenye nyumba za watu, mkigombana mmoja anaingia chumbani na kubamiza mlango. Sisi chumba ni hichohicho, na mlango nimeshawaeleza. Tulijaribu kununiana ndani mwezi wa kwanza. Unamnunia mtu huku goti lako liko kwenye mbavu zake, mnaanza kucheka kabla hasira haijaiva. Hasira isiyoiva inarudi kesho. Ndipo mke wangu akaifudikiza ndoo nje, chini ya dirisha, akaweka sheria: mwenye kinyongo anakaa juu ya ndoo, na hapana ruhusa kumsemesha mpaka ainuke mwenyewe. Mimi rekodi yangu ni saa tatu. Yeye hajawahi kuzidisha nusu saa, kwa sababu ana kazi za watu.

Sheria ya pili nayo ishikeni, mtaihitaji mbele: kikiingia kimoja, kitoke kimoja. Aliponunua sufuria kubwa, redio yangu ilihamia kwa jirani. Niliponunua koti, kiti changu cha kuzunguka kilienda kwa kinyozi, na mpaka leo nikienda kunyolewa nakisalimia. Ndivyo watu wanavyoishi kwenye kibanda miaka sita bila kuzikana chini ya vitu vyao.

Mke wangu akapenyeza spana dirishani. "Shika. Nati mbili tu, Fundi, na mimi nitoke. Kuna mteja anakuja kuchukua sketi."

Nikaishika. Dakika mbili za kazi. Kumbukeni hilo: dakika mbili.

"Hiyo itasubiri," akasema mama mkwe, akinivuta hatua chache kutoka dirishani. "Stoo yenu nimeshaiona. Nipeleke nyumbani."

"Nyumbani wapi, Mama?"

"Kwenye nyumba, baba. Ile uliyopaua mwaka juzi."

*

Hapa ndipo ninapoungama, na leo sipunguzi.

Tulipohamia, mama mkwe alipiga simu. Aliuliza swali la mama yeyote: "Mwanangu anakaa wapi?" Mimi mwanaume mzima, nimefukuzwa kazi, nimemtoa binti wa watu kwao kwenye vyumba vitano, nimemleta kwenye milango mia mbili iliyoharibika. Ulimi ukatangulia. Nikasema, "Hapa ni stoo tu, Mama. Tumejibana huku tunajenga. Nyumba iko pembeni, ipo kwenye msingi."

Na kweli pembeni palikuwa na msingi. Ila ulikuwa wa Mwalimu.

Mwalimu ni jirani yetu, mkuu wa shule aliyestaafu, na alikuwa anajenga nyumba ya vyumba saba. Basi kila mwezi nikawa natoa ripoti. Kuta zilipofika madirishani, nikaripoti. Walipofunga lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, nikaripoti. Walipopaua, nikatuma picha nimeegemea nguzo ya baraza, mkono kiunoni, kama mwenye mali. Kila neno nililosema kuhusu ile nyumba lilikuwa la kweli. Nililosahau ni mwenyewe.

Ripoti hizo nilikuwa nazitoa nyuma ya tangi la maji, kwa sauti ya chini, mke wangu asisikie. Yeye hakujua kitu. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Sasa pimeni. Mkononi nina spana. Nikimfungulia mke wangu, atatoka, atasikia "nyumba uliyopaua", na miaka sita itaporomoka mbele ya macho yangu. Nisipomfungulia, nina nafasi ya kumzungusha mama mkwe haraka, nimwonyeshe baraza, nimrudishe, nimpandishe kwenye gari la jioni.

"Fundi!" akaita kutoka ndani. "Nati!"

"Nakuja!" nikajibu.

Nikabeba sanduku la mama mkwe nikaelekea kwa Mwalimu. Mwanaume akisema "nakuja" huku mgongo wake unaondoka, jueni ana kesi.

*

Mwalimu alikuwa barazani na kikombe cha chai. Anaishi peke yake kwenye vyumba saba. Mkewe alitangulia mbele ya haki kabla ya rangi kupakwa, na watoto kila mmoja yuko kwake. Ukimsalimia barazani, salamu inakwenda mpaka chumba cha mwisho, inarudi peke yake.

Nikamkonyeza. Nikamkonyeza mpaka kope ikauma.

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akatangulia. "Habari za asubuhi. Wewe ndiye mlinzi wa mkwe wangu?"

Mwalimu akanitazama. Huyu ni mtu aliyewahi kunifukuza nyumbani kwake kwa sababu nilisema nitarudisha msumeno Jumanne nikarudisha Jumatano. Uongo ni kitu anachokinusa kama moshi. Nikaona nimekwisha.

Akaweka kikombe chini, akasimama, akavua kofia.

"Ndiye mimi, Mama. Karibu kwa bosi wangu."

"Bosi wako anakulipa vizuri?"

"Sijawahi kupokea kitu, Mama."

"Mkwe wangu!" mama mkwe akanigeukia. "Humlipi mlinzi?"

"Tuna... tuna utaratibu, Mama."

"Utaratibu upo," Mwalimu akaunga mkono. "Huwa anaazima vifaa vyangu harudishi."

Tukaingia. Jamani, mimi ndani ya nyumba ile nilikuwa naijua sebule peke yake. Mama mkwe akasimama katikati ya korido yenye milango sita, vitasa vyote upande sahihi, akauliza, "Chumba chetu cha wageni ni kipi?"

Mwanaume hatetereki. Nikachagua mlango, nikaufungua kwa madaha.

Mifagio miwili na dumu la maji.

"Hiki, Mama," nikasema. "Ila bado hakijapanuliwa."

"Naona. Na choo?"

"Mlinzi atakuonyesha. Mimi sipendi kumwingilia kazi yake."

Kwa mbali, kupitia dirisha lililo wazi, nikasikia, "Fundi! Mteja wangu amefika!" Nikajifanya nakohoa.

Mama mkwe akaingia sebuleni, akasimama mbele ya picha kubwa ukutani. Mwalimu ndani ya suti, anapokea saa ya ukutani, nyuma yake walimu wanapiga makofi.

"Mlinzi wako ana picha nzuri," akasema. "Hapa ilikuwaje?"

"Hapo," nikasema, na jasho likaniingia jichoni, "hapo alikuwa mlinzi bora wa mwaka."

Mwalimu alikuwa ameukabili ukuta, mabega yanamtikisika. Halafu nikasikia mlio kama birika linachemka. Alikuwa mama mkwe. Alijizuia, akashindwa, akaketi kwenye kochi bila kukaribishwa, akacheka mpaka akavua miwani.

"Basi, mwanangu," akasema, akijifuta machozi. "Basi. Utanipasua. Kaa chini."

Nikakaa.

"Mkeo alikusikia, akaniambia ukweli wiki ileile mlipohamia. Akanitumia picha ya kibanda chote. Haikuhitaji picha ya pili."

"Kwa hiyo ripoti zangu..."

"Nilikuwa nazisubiri kama mchezo wa redio. Siku ulipofunga lenta nilikuwa zamu, nikawasimulia manesi. Tangu hapo kila mwezi wananiuliza, 'Dada mkubwa, mkwe kafika wapi?' Ulipopaua, wodi nzima ilipiga makofi. Kuna mama mmoja alikuwa kwenye uchungu, akasema na yeye apewe habari tangu msingi."

Ningepata shimo ningeingia, hata lile la mifagio.

"Mke wangu alijuaje, Mama? Nilikuwa naongea nje."

"Nje wapi?"

"Nyuma ya tangi."

"Na tangi limeegemea wapi?"

Tangi limeegemea ukuta. Ukuta ni mlango. Mlango una tundu la ufunguo. Matundu yote mia mbili kasoro moja niliyaziba kwa gundi na vumbi la mbao. Moja niliacha, lile lililo nyuma ya tangi, nikisema hapa upepo haufiki. Na upande wa pili wa tundu hilo, kwa kipimo changu mwenyewe, upo mto wa mke wangu.

Miaka sita nilikuwa namnong'oneza sikioni.

"Hakuwahi kuniambia," nikasema.

"Alikuwa anasubiri wewe umwambie. Na mimi leo nimekuja makusudi siku moja kabla, nikakupa mwanya pale dirishani. Nikasema akiwa mtu mzima atasema, 'Mama, nyumba yenyewe ndiyo hii.' Wewe ukabeba sanduku." Akavaa miwani, akanitazama kama anatazama kipimo cha joto. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Hilo nimewaambia wasichana miaka thelathini na minne. Sikujua nitakuja kumwambia mkwe."

"Nisamehe, Mama. Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Mimi nina vyumba vitano. Kila asubuhi nafungua madirisha ya vyumba vinne ambavyo hakuna aliyelala. Jioni nayafunga. Magoti haya yameishia kwenye hayo madirisha. Nimemwachia kaka yake mkeo nyumba. Nataka unijengee kama chenu. Hatua nane. Ila mlango ufungukie nje."

Mwalimu akakohoa kutoka ukutani. "Uwanja wa nyuma upo, Mama. Haulimwi, haujengwi."

"Mlinzi, umeulizwa?"

"Hapana, Mama."

"Haya." Lakini alitabasamu akiangalia chini, na Mwalimu akaivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Mpaka kikamilike," mama mkwe akaniambia, "nitakaa kwenu. Miezi mitatu tu."

*

Nilirudi napiga mluzi. Mzigo wa miaka sita umeshuka, mama mkwe amecheka, kazi nimepata. Nilisahau kitu kimoja, na mnakijua.

Mlango ulikuwa wazi. Kitanda kimepanda, kimefungwa komeo. Sketi ya mteja haipo, maana yake imeshachukuliwa.

Na mke wangu amekaa juu ya ndoo, amenipa mgongo.

Sheria ni sheria. Hapana kusemesha. Mama mkwe akaelewa bila kuambiwa, akaenda kujiegemeza kwenye kivuli cha ukuta. Mwalimu, aliyebeba sanduku, akalitua taratibu, akarudi getini kwake lakini hakuingia ndani.

Nikasimama. Nikakaa chini. Nikasimama. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Mke wangu huwa havuki nusu saa.

Ndipo nikaliona tangi. Sheria inakataza kumsemesha mtu, na tangi si mtu.

Nikalisogelea, nikaliinamia kama zamani, ila safari hii sikunong'ona.

"Tangi," nikasema. "Wewe umenisikia miaka sita nikidanganya. Leo sikiliza la kweli. Sikuwa naionea aibu nyumba. Nilikuwa najionea aibu mimi. Niliogopa mama wa watu akijua kwamba mwanawe anaanika taulo juu ya jiko, atakuja kumchukua. Na niliogopa kwamba akija, mwanawe atakwenda. Basi nikajenga vyumba saba kwa mdomo. Nyumba ninayoipenda ni hii. Nikilala naweza kugusa kila nilicho nacho duniani bila kuinuka. Mwambie."

Tangi likaguna, maji yakashuka.

Nyuma yangu ndoo ikasikika. Ameinuka.

"Hayo yote niliyajua," mke wangu akasema. "Tundu lile lilinisimulia mpaka yale uliyokuwa unayameza. Mimi sikununia nyumba ya Mwalimu. Ile nilikuwa naifurahia, nilikuwa nalala nikisubiri upake rangi."

"Sasa umenunia nini, mwenzangu?"

"Leo nimekuita mara ngapi?"

"Mbili," nikasema.

"Nne. Mbili za mwisho hukusikia, ulikuwa unawaonyesha watu chumba cha wageni, na madirisha yale yako wazi, nasikia yote."

Mama mkwe akawa anasoma maandishi ya sanduku lake mwenyewe.

"Ulikuwa na spana mkononi," akaendelea, wala hakupandisha sauti. "Nati mbili. Mimi ndani, mteja nje ananiona dirishani kama kuku wa sokoni. Ningeweza kuvumilia umwongopee mama, Fundi, yeye amecheka. Lakini uliniacha humo ili uongo wako upite."

"Ulitokaje?"

Akatoa mfukoni kichupa chembamba. Mafuta ya cherehani. "Matone manne kwenye bawaba. Kitanda kimepanda laini kama mlango wa gari. Miaka sita unaipiga nyundo, na hiki kipo hatua mbili kutoka kichwani kwako. Hukuuliza."

"Nimekosa," nikasema. "Kwa hili nimekosa, na sina tangi la kujifichia."

Akanitazama. Nikaona kona ya mdomo inataka kucheka na yeye anaikataza. Mtu uliyekaa naye ndani ya hatua nane unazijua kona zake zote.

"Mama anakaa?" akauliza.

"Anakaa. Miezi mitatu tu."

"Najua miezi mitatu yenu." Akaingia ndani. Nikasikia kitu kinaburutwa. "Amekuja na sanduku moja, na yeye mwenyewe. Na sheria ya nyumba hii tuliiandika wote."

Akatokea mlangoni. Mkononi ana begi langu la safari. Nililitambua kabla hajalitua: mashati yangu manne, suruali mbili, na juu yake, imefungwa kwa kamba, ile kandambili iliyobaki ndani nilipozaliwa.

"Kikiingia kimoja," akasema.

Mama mkwe akafumba mdomo kwa kiganja. Sikujua anazuia kilio au kicheko. Kwa mama yule huwezi kujua mpaka avue miwani.

Ng'ambo, getini kwa vyumba saba, Mwalimu akapaza sauti, na sauti yake ikaenda mpaka chumba cha mwisho ikarudi:

"Fundi! Nafasi ya mlinzi iko wazi!"

Nikanyoosha mkono, nikakamata kishikio cha begi. Nikavuta kidogo. Halikuja.

Mke wangu alikuwa bado hajaliachia.